Siku Niliyoijaza Pomoni

Mimi ni mtu wa kupanga. Ndiyo tabia yangu na sina pa kuitupa. Katika kila kamati ya mazishi au harusi ninayoingia, chai haijapoa nimeshapewa kalamu, na asiyenipa kalamu tunakosana. Pale Homa Bay mjini nina kibanda cha kuchapa, kompyuta mbili na mashine moja ya kutoa nakala inayokohoa, na kazi yangu kubwa ni ratiba za mazishi. Kwetu watu wanazikwa Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo kuanzia Jumatano kwangu hapakaliki. Najua mwili unafika saa ngapi, nani anaongea kabla ya nani, wakwe wanakaa hema gani, na wapi pa kuwakata wanasiasa kabla hawajajisahau.

Kwa hiyo rafiki yangu alipotimiza miaka arobaini bila kuwahi kutembea siku nzima kwa raha yake, kazi hiyo niliichukua mimi. Hakuna aliyeniomba.

Tulikua pamoja Migori, nyumba zetu mbili nyuma ya soko, tukigawana dawati na chawa. Mimi nikaolewa Homa Bay, yeye akabaki. Hakubaki kwa kupenda. Mama yake alishikwa na ugonjwa wa moyo, ule wa miguu kuvimba na kulala umekaa, na ndugu zake wengine, kila mmoja na sababu zake, wakawa watu wa kutuma salamu. Miaka mitano yeye ndiye aliyemwogesha, akampimia chumvi kwenye mboga, akamwinua na kumlaza. Cherehani yake aliitoa sokoni akaileta sebuleni ili ashone huku anasikia mama akipumua. Ukiongea naye kwa simu anakukatiza katikati, anakwambia ngoja, anasikiliza kwanza upande wa chumbani, halafu ndiyo anarudi.

Nilimwambia atakuja kwangu Ijumaa jioni, Jumamosi ataitumia yote, Jumapili atarudi kwa mama. Akasema haiwezekani. Nikamwambia haiwezekani ni jina la nani. Tulivutana wiki nzima, na mwishoni akakubali kwa sharti moja, kwamba kama anatoka basi anatoka kweli. Hataki kuja kukaa kwenye kochi langu kuangalia televisheni. Anataka vitu vya kumtoa jasho.

Orodha ilikuwa yake. Alitaka kupanda Asego, mlima uliochongoka kama kichuguu juu ya mji wa Homa Bay, ambao maisha yake yote ameuona kupitia dirisha la gari. Alitaka kuendesha baiskeli barabara ya ziwani. Alitaka ile kamba ambayo mama mmoja ameitundika bondeni nje ya mji, unafungwa mishipi kiunoni unateleza kutoka ng'ambo hii hadi ng'ambo ile ukipiga mayowe. Alitaka samaki mzima kwenye sahani ambayo hataiosha. Alitaka boti. Alitaka kuingia kwenye bwawa la hoteli, ilhali hajui kuogelea, ajue tu maji ya watu matajiri yana ladha gani. Homa Bay si Nairobi, najua, lakini kwa mtu ambaye safari yake ndefu ni kutoka kwenye cherehani mpaka duka la dawa, hilo ni jiji.

Orodha yake mimi nikaigeuza ratiba. Nilikaa kibandani siku ambayo wateja walikuwa wachache, na kwa kuwa karatasi iliyokuwa tayari kwenye kompyuta ilikuwa ya mazishi, nikaitumia hiyo hiyo. Nikafuta msalaba, nikaacha maua ya pembeni. Palipokuwa na mwili kuwasili nikaandika kuanza kupanda Asego. Palipokuwa na salamu za wakwe nikaandika baiskeli. Nilimtumia picha yake kwa simu, akacheka mpaka mama yake akauliza kutoka chumbani kuna nini. Akaniuliza kama hii ni matembezi au jeshi, maana nilimwachia dakika kumi tu za kujisaidia mchana kutwa. Nikamwambia atashukuru.

Wiki moja kabla, nilikwenda Migori mwenyewe kumwomba ruhusa mama yake. Hilo si jambo la simu. Nilimkuta amekaa kitandani na mito mitatu mgongoni, mwembamba usoni na mnene miguuni, macho makali vilevile. Aliniita nyara, yaani binti yangu kwa Kijaluo, kama alivyoniita tangu nikiwa sina meno ya mbele. Nikamsomea ratiba yote. Alitaka kujua hiyo kamba ni ya nailoni au ya katani, na mwenye boti anatoka upande gani. Kisha akaniambia nimchukue binti yake nimchoshe kabisa, arudi hoi, aache kumkodolea macho kama ugali ulio motoni. Tulicheka wote watatu, na binti mwenyewe mlangoni. Dada mdogo wa mama, anayekaa Sori, alikuwa ameshaahidi kuja kukaa naye siku hizo mbili. Kila kitu kilikuwa kimepangwa. Mimi sifanyi kazi nusu nusu.

Lazima niseme habari ya mguu wa rafiki yangu, bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Kwetu habari ya kifo haipelekwi kwa simu. Inabebwa na watu. Wanakuja wazee wawili watatu, pengine na mama wa kanisa, unakalishwa kwenye kiti, unapewa kitu cha kunywa, wanawake wanakaa kulia na kushoto kwako tayari kukudaka, ndipo mkubwa wao anafungua mdomo. Kabla ya hapo kila mtu anakuficha, hata majirani, hata watoto. Lakini baba yake rafiki yangu alipokufa, binamu mmoja asiye na subira alimpigia simu akiwa sokoni Migori. Alitoka mbio hajui anakwenda wapi, akaingia barabarani mbele ya boda boda. Mguu wa kulia ulivunjika mara mbili. Baba yake alizikwa yeye akiwa amelazwa, na mpaka leo kuna chuma ndani ya mguu huo. Ukoo mzima uliapa kwamba huyu hataambiwa tena jambo zito kwa simu.

Jumamosi hiyo tulianza kupanda Asego saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa ndiyo linachomoza. Alivaa suruali yangu ya michezo, imembana, na kwa kuwa haikuwa na mfuko alinipa simu yake nimwekee kwenye mkoba. Njia ile ni mawe na majani makavu, inateleza. Nilimwona anavyouweka ule mguu, anaujaribu kwanza, halafu anauamini. Mara mbili nilimnyooshea mkono, mara mbili akaupiga kofi. Alipumzika mara nyingi. Sikuangalia saa, na kwa mimi hiyo ni zawadi kubwa.

Juu kabisa alisimama akashika kiuno. Mabati ya mji yalikuwa chini yetu, na ziwa limejaa mbele mpaka macho yanachoka. Aligeuka akatafuta upande wa Migori, nikamwonyesha, ingawa huwezi kuiona. Akawa anapunga mkono kuelekea huko kama mwendawazimu, akisema mama, niko huku juu, na chuma changu. Alikuwa analia na kucheka. Nilijisifu moyoni, nasema ukweli. Nilijiambia, hii nimeifanya mimi.

Tulipofika chini ilikuwa karibu saa tatu. Akaingia kwenye hoteli ndogo kuagiza chai na mandazi, mimi nikabaki nje nikifunga kamba ya kiatu, na simu yangu ikalia. Alikuwa baba yake mdogo, mwalimu mstaafu, ndiye mkubwa wa nyumba ile tangu kaka yake afariki. Hakunisalimia, na yule mzee husalimia hadi mbuzi.

Akaniambia shemeji yake amezidiwa alfajiri, wamemkimbiza hospitali pale Migori, amewekewa hewa. Daktari amewaambia wajiandae. Akaniambia nisimwambie binti.

Nikamuuliza kama mama yuko hai.

"Yuko hai," akasema. "Anaongea kidogo kidogo. Anamuuliza."

"Basi acha nimpandishe gari sasa hivi, baba. Saa tano atakuwa hapo."

"Hapana. Wewe unajua ilivyokuwa wakati ule. Tunakuja sisi wazee na gari. Tutamkalisha tumwambie vizuri, tumshike, turudi naye. Wewe mshughulishe tu. Saa nane tuko kwako."

Nikasema sawa, baba.

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyarudia kichwani mara nyingi nikitafuta mahali nilipobisha, na sikubisha popote. Stendi ilikuwa karibu kiasi kwamba nilikuwa nasikia makondakta wakiita Rongo, njia ya kwenda Migori. Ningeweza kuingia ndani nikamkamata mkono, nikamwambia mama anakuita, twende, nami nikaenda naye, nikamshika mimi mwenyewe kama ni kushikwa. Nilikuwa na mikono miwili. Lakini mzee ameshasema, na mambo yana utaratibu wake, na maisha yangu yote mimi ndiye ninayewafokea watu wasiofuata utaratibu. Niliuogopa ule mguu. Niliogopa kuitwa binamu asiye na subira. Na kuna kitu kingine, nitakisema, maana nikikiacha haya yote ni uongo. Siku yangu ilikuwa inakwenda vizuri. Ilikuwa bado changa, na sikutaka iishie kwenye mandazi.

Nimeelewa baadaye tulichokifanya, mimi na wazee wale. Ile ni desturi ya kumhurumia mtu aliyefiwa. Sisi tulimfanyia mtu ambaye bado ana mama. Tulianza matanga mama angali anapumua.

Niliingia ndani nikanywa chai. Akaniomba simu yake ampigie mama, amwambie amefika kileleni. Nikamwambia nimetoka kuongea na mama yake mdogo sasa hivi, mama ameshakunywa dawa, amelala, asimwamshe. Ulinitoka mdomoni laini kabisa, uongo huo. Akasema afadhali apumzike, juzi usiku hakulala vizuri. Akamega andazi akaendelea kula.

Baada ya hapo nikawa mlinzi wa gereza lenye baiskeli. Tuliendesha barabara ya ziwani, yeye mbele akipepesuka, miguu amenyoosha pembeni kila akipata mteremko. Mimi nyuma nikihesabu masaa. Kila tukikutana na mtu anayetoka upande wa Migori nilijipenyeza katikati yao, nikawa mimi ndiye ninayesalimia na kuaga haraka, maana habari kule husafiri upesi. Mwanamke mmoja muuza nguo anayemjua alianza kusema pole, nikamkazia macho mpaka akamalizia kwamba pole na jua. Kwetu kila mtu anajua mchezo huo. Yule mwanamke aliona macho yangu, akaelewa, akatupisha.

Kwenye kamba tulifika saa tano. Mwenye kamba, mama mnene mwenye filimbi shingoni, alimfunga mishipi, akamvuta mara tatu kuhakikisha, akamwambia anyanyue miguu. Mimi nilibaki na mikoba. Alipokuwa amesimama ukingoni, anajipa moyo, nikasikia simu yake inatetemeka ndani ya mkoba wangu. Niliitoa. Kwenye kioo paliandikwa Mama.

Nilidhani ni mama yake mdogo anatumia simu ya mgonjwa. Ndivyo nilivyojiambia. Ikatetemeka mpaka ikakata. Ikaanza tena. Rafiki yangu akanipigia kelele kutoka ukingoni kwamba nimwangalie, nisiiangalie simu, nimwangalie yeye. Nikamwangalia. Akajiachia, akapita bonde lote akipiga ukelele mrefu mmoja, na simu mkononi mwangu ikawa bado inaita. Alipofika ng'ambo akaninyooshea mikono yote miwili juu. Nikaizima simu ile. Sikuiweka kimya, niliizima kabisa, kisha nikampungia.

Saa sita tulikula samaki. Nilimwagizia ngege mkubwa, mkia na kichwa vinatoka nje ya sahani. Alikula kwa vidole, taratibu, akafyonza kila mfupa. Aliniuliza mbona mimi sili, nikamwambia jua limenipanda kichwani. Akaniambia mwakani tumlete mama. Si lazima apande kitu, akae tu hapa kwenye kivuli, ale samaki asiye na chumvi, aone ziwa. Alikuwa ameshaanza kupanga gari litakaloweza kumbeba amekaa wima. Nilimwambia ndiyo, inawezekana. Aliuliza simu yake, nikasema imeisha chaji, tutaichaji nyumbani. Hakunishuku hata kidogo. Ameniamini tangu darasa la kwanza.

Saa saba tukapanda boti. Mwenye boti alikuwa mtu mzima wa Sindo aliyekuja kutafuta kazi ya kuzungusha wageni, mpole, akatuvalisha majaketi ya kuelea na kutuambia, "Mkae katikati, hii maji iko na hasira kidogo leo." Tulikwenda mbali kidogo na gati, mahali ambapo mji unaonekana wote na Asego juu yake. Rafiki yangu aliweka mkono majini. Kisha akaanza kuimba. Ni mwanamke wa kwaya, ana sauti nzito, lakini miaka mitano ile alikuwa ameacha kwaya kwa sababu mazoezi ni jioni na jioni ni saa ya dawa. Aliimba wimbo wa kanisani, akaumaliza, akaanza mwingine. Mwenye boti akapunguza injini ili asikie. Mimi nilikaa nikiwa nimeshika ubao wa boti kwa mikono miwili, nikasema moyoni, saa nane, saa nane, bado kidogo tu.

Saa nane hawakufika. Nilijitenga nyuma ya ghala la samaki nikampigia mzee. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Akaniambia mama ametuacha, saa saba na kitu. Wao walikuwa bado Migori, walikuwa wanamngoja shangazi mmoja kutoka mpakani, haifai kwenda bila yeye, halafu gari lenyewe likapatikana kwa kuchelewa. Sasa ndiyo kabisa nisiseme neno. Wanakuja.

Nilirudi nikamwambia rafiki yangu kwamba bado kuna bwawa.

Alikaa kwenye bwawa la hoteli saa moja na nusu, upande wa watoto, maji yakimfika kifuani, amefunga kichwa na mfuko wa plastiki nywele zisilowe. Alijifunza kuelea. Nilimshika mgongo kwa mkono wangu, ndani ya maji, macho yake yakiangalia juu, masikio yamezama, na alikuwa anatabasamu. Mama yake alikuwa maiti na mimi nilikuwa namfundisha kuelea. Kama kuna adhabu, nadhani nilianza kuitumikia hapo hapo.

Wazee walifika nyumbani kwangu saa kumi na moja. Walifanya kila kitu ipasavyo. Walikuja watano, pamoja na yule shangazi na mama wa kanisa. Wakamkalisha kwenye kochi, nywele bado mbichi pembeni. Wanawake wakakaa kulia na kushoto. Mimi nilileta soda. Alipoona analetewa soda yeye peke yake, alijua. Hakuinuka, hakukimbia, hakupiga kelele. Baba yake mdogo alisema alichokuja kusema, kwa maneno mazuri, na yule mama wa kanisa akaomba kwa sauti ya chini.

Kisha aliuliza swali moja tu, mama amekufa saa ngapi. Mzee akamwambia. Akaguna, akanigeukia.

"Wewe ulijua kuanzia saa ngapi?"

"Saa tatu," nikasema.

Aliinuka akaenda kuvaa viatu vyake.

Mazishi yalikuwa Ijumaa iliyofuata. Ratiba sikuichapa mimi, rafiki yangu alimpa mtu wa Migori, na ilikuwa na makosa mawili kwenye ukurasa wa kwanza. Nilihudhuria nikakaa kwenye hema la majirani. Hakunifukuza. Alinisalimia kwa mkono kama alivyosalimia kila mtu, vidole vyake baridi, akapita. Mwezi mzima sikuthubutu kumpigia, naye hakunipigia. Nilimkasirikia mzee, nilimkasirikia yule shangazi wa mpakani aliyengojwa kama bibi harusi, na usiulize nilivyojikasirikia mimi. Kibandani nilikuwa nafokea wateja kwa sababu ya koma.

Halafu siku moja akanitumia ujumbe kwamba niende. Nilikwenda siku hiyo hiyo. Nilimkuta sebuleni anashona sare za shule, mlango wa chumbani umefungwa. Aliniambia nikae. Hakunipa chai, na sikuitaka.

Aliniambia mama yake mdogo, yule wa Sori, amemweleza siku ile ilivyokwenda pale hospitalini. Yule mama mdogo ndiye aliyekaa kitandani na mgonjwa mpaka mwisho. Mama alikuwa anauliza binti yake yuko wapi. Aliomba simu yake mwenyewe, akapiga mwenyewe mara mbili, haikupokelewa, mara ya tatu haikupatikana. Akaanza kuhangaika, anang'oa kile kifaa cha hewa. Ndipo wakaamua kumtuliza. Wakamwambia binti ameshapata habari, yuko njiani. Akauliza amefika wapi. Wakasema Rongo. Akatulia, akaacha hewa ikae puani. Baada ya muda akauliza tena, na ili wavute muda wakasema gari limepata pancha hapo Rongo, linatengenezwa. Kisha wakamwambia wametoka, wamefika Awendo. Wakamsafirisha binti kwa midomo yao, kituo kwa kituo, na mama akawa anamfuata. Mwishoni wakamwambia ameshashuka Migori, yuko langoni anauliza wodi. Mama akaomba ainuliwe kidogo, atengenezwe kitambaa kichwani. Wakamtengeneza. Akageukia mlango, na kabla dakika nyingi hazijapita akawa amekwenda akiangalia huko.

Nililia. Sikuwa na haki ya kulia mbele yake, lakini nililia. Yeye alikuwa ameondoa mguu kwenye cherehani, mikono ameiweka juu ya kitambaa cha bluu. Nilimwambia nisamehe. Akasema hajaniitia hilo. Ameniita kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na saa siku ile, yeye hakuwa hata na simu, na kuna mambo ambayo hawezi kuyajua bila mimi.

"Saa tano niko Rongo," akasema. "Nilikuwa wapi?"

"Kwenye kamba."

"Ile pancha, saa tano na nusu?"

"Ulikuwa bado kwenye kamba. Uliomba urudie mara ya pili."

"Saa sita, Awendo."

"Tulikuwa tunakula. Ulikuwa unasema mwakani tumlete."

Nje kulikuwa na boda boda zinabishana, na mtu anauza nyanya kwa kipaza sauti.

"Na saa saba, nilipofika langoni?"

"Ulikuwa ziwani," nikamwambia. "Ulikuwa unaimba."

Akauliza wimbo gani, nikamtajia. Akatikisa kichwa polepole, akageukia ule mlango uliofungwa. Kisha akaniambia nianze tena, kutoka Rongo.